Usaili wa kwanza wa kazi ya programu ukiwa Lubumbashi: mwongozo kamili

Vijana wengi wanaotoka UNILU, ESIS Salama na vyuo vingine vya hapa mjini hujiandaa kwa usaili kama wanavyojiandaa kwa mtihani wa mwisho wa mwaka: silabasi mezani, fasili zimekaririwa, usiku hawalali. Wakishaingia ofisini, msaili anawapa swali dogo ambalo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliweza, kisha anaongeza: "Sema unavyofikiri." Hapo ndipo kimya kinapotanda. Jibu wanalo, ila hawajawahi kulitamka mbele ya mtu, tena kwa Kifaransa, huku wamezoea kuandika programu peke yao na kuzijadili na wenzao kwa Kiswahili.

Mwajiri anayetafuta mtu wa kuanzia anajua kwamba hujui mengi. Anamtafuta mtu atakayekaa naye meza moja, akaelewana naye anapoeleza tatizo, na akamwamini anaposema "hili silijui, nitalitafuta hivi". Mambo hayo yote yanapita mdomoni. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini itakutaka useme kitu kwa sauti, hata kama uko peke yako chumbani na wadogo zako wanakucheka.

Ukiwa na mwezi mzima, fuata hatua zote kwa mpangilio wake. Ukiwa na siku chache tu, shika ya 3 na ya 5.

Hatua ya 1: Mjue anayekuita

Benki na kampuni za simu huwa na utaratibu mrefu: mtihani wa maandishi, halafu jopo la watu kadhaa, na mmoja wao ni wa rasilimali watu ambaye haandiki programu kabisa. Lugha ni Kifaransa. Huko maswali ya hifadhidata huwa mengi kuliko ya algoritimu, kwa sababu kazi yenyewe ni kutoa ripoti, kurekebisha miamala iliyokwama na kuunganisha mfumo wa zamani na mpya.

Migodi ni habari nyingine. Kijana akiniambia anataka kuingia mgodini kufanya informatiki, namwuliza kwanza: mgodi wenyewe, au kampuni inayoufanyia mgodi kazi? Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 kuhusu ukandarasi mdogo inataka kazi hizo zipewe kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongomani. Ndiyo maana anayeanza ana nafasi nzuri zaidi kwenye kampuni ndogo yenye vyumba viwili katikati ya mji, inayotengeneza programu ya mizani ya malori, ya stoku ya vipuri au ya mahudhurio ya wafanyakazi. Usaili wa huko mara nyingi anaufanya mwenye kampuni mwenyewe. Hatakuuliza sana nadharia. Atataka kujua kama utaweza kwenda Kolwezi Jumatatu, ukae na watu wa mizani, uelewe wanachokisumbukia, urudi na kitu kinachofanya kazi. Na kama mteja wake ni Mchina au Mwafrika Kusini, Kiingereza chako cha kazi kitahesabika hata kama tangazo halikukitaja.

Aina ya tatu ni kazi za mbali, za kampuni zilizoko Nairobi, Cape Town au Ulaya. Hizo zina mitihani ya mtandaoni yenye saa inayohesabu kurudi nyuma, na usaili ni kwa simu ya video, kwa Kiingereza.

Ukipokea mwaliko, jibu kwa adabu na uulize mambo matatu: usaili utachukua muda gani, nitakutana na nani, na je, kuna zoezi la kuandika programu, na litakuwa la karatasi, la ubao au la kompyuta? Hakuna mwajiri anayekasirika kwa maswali hayo, na majibu yake yanabadilisha maandalizi yako yote.

Hakikisha saa. Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, nyuma ya Nairobi kwa saa moja, na sawa na Johannesburg. Paris ni kigeugeu: majira ya baridi iko nyuma yetu kwa saa moja, majira ya joto tuko sawa. Halafu kuna saa yetu wenyewe. Ukiambiwa kwa simu "saa nne", anayesema anaweza kuwa na maana ya saa nne ya Kiswahili, yaani 10:00 asubuhi, au saa nne ya Kifaransa, yaani 16:00. Rudisha ujumbe wa maandishi wenye tarakimu na jina la mji: Jumanne, 10:00, saa za Lubumbashi.

Na anayekuomba pesa za "kufungua dosie" kabla ya usaili si mwajiri. Kata simu.

Hatua ya 2: Sivi (CV) ya ukurasa mmoja

Hii isikuchukulie zaidi ya jioni moja. Jina, simu, barua pepe ya heshima, masomo, stazi (mafunzo kazini), mradi, lugha unazozungumza. Picha si lazima kwa kazi za mbali. Kwa benki ya hapa haidhuru.

Kosa kubwa ninaloliona ni orodha ya lugha kumi na mbili za programu. Kila neno lililoko kwenye sivi ni mlango uliomfungulia msaili aingie. Ukiandika Java kwa sababu uliisoma muhula mmoja miaka mitatu iliyopita, ataanza na Java, na utakuwa umejitafutia mwenyewe. Andika mbili unazoziweza, na hifadhidata moja.

Hatua ya 3: Mradi mmoja unaoujua hadi mifupa

Hapa ndipo ningeweka nusu ya muda wangu. Mtu asiye na uzoefu wa kazi hana kingine cha kuonyesha, na mradi ukiwa mzuri, msaili mwenyewe atasahau maswali aliyoyaandaa.

Usilete kikokotoo, wala orodha ya mambo ya kufanya uliyoinakili kutoka video ya YouTube. Wameziona mpaka wamechoka. Chukua tatizo unalolipita kila siku: dawa zinazoisha muda kwenye duka la dawa Katuba, malori yanayosubiri mpakani Kasumbalesa, bidhaa zinazotolewa kwa mkopo kwenye soko la Kenya (komini yetu, si nchi). Liwe dogo, na limalizike. Mradi mmoja uliokamilika unashinda mitano iliyoachwa njiani.

Nichukue mfano wa daftari la minervali (ada) la shule ya binafsi, maana linaonekana jepesi na ndani yake mna kila kitu. Mzazi anatakiwa kulipa dola 150 kwa muhula. Anakuja na dola 100 mkononi na franka 140,000. Tuseme siku hiyo dola moja ni franka 2,800. Hesabu imetimia, anapewa risiti, anakwenda zake. Wiki mbili baadaye dola imefika 2,850. Ikiwa programu yako inahesabu deni kwa kima cha leo, franka zake 140,000 sasa ni dola 49.12, na mzazi aliyemaliza kulipa anaonekana anadaiwa senti 88. Atakuja shuleni na risiti yake mkononi, na atakuwa na haki.

Dawa yake ni kuandika kwenye kila mstari wa malipo kiasi, aina ya pesa na kima cha siku ile. Kima cha zamani hakiguswi tena. Ukimweleza msaili wa Lubumbashi jambo hilo kwa dakika moja, atajua kwamba umewahi kumsikiliza mhasibu.

Jambo la pili liko kwenye pesa zenyewe. Kompyuta ikihifadhi namba za desimali kwa njia ya kawaida, 0.1 kujumlisha 0.2 inatoa 0.30000000000000004, kwa sababu namba hizo haziandikiki sawasawa katika mfumo wa namba mbili. Kwenye daftari la shule yenye wanafunzi mia nane, vipande hivyo vinakusanyika. Hifadhi senti kama namba kamili, au tumia aina ya desimali ambayo hifadhidata imeitengenezea pesa. Swali hili linaulizwa benki, nawe utakuwa umeshalijibu kabla halijaulizwa.

Jambo la tatu tunalijua vizuri sisi wa hapa: mtandao unakatika katikati ya kazi. Kesia anabonyeza "hifadhi", duara linazunguka, linazunguka, anabonyeza tena. Malipo yanaandikwa mara mbili. Kinga yake ni kuipa kila risiti namba yake ya pekee kabla ya kuituma, na kuiambia hifadhidata ikatae namba iliyokwisha kuingia. Kubonyeza mara ya pili hakutaharibu kitu.

Weka mradi kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, pamoja na faili la maelezo linalosema unafanya nini na unawashwaje. Usiache nywila ndani ya msimbo. Usitumie majina ya watoto halisi wa shule yoyote. Data za watu zinalindwa na Sheria ya Dijitali ya Kongo ya tarehe 13 Machi 2023, na msaili makini ataliona hilo. Kisha omba rafiki auwashe kwenye kompyuta yake akifuata maelezo yako tu, bila wewe kumwambia neno. Atakwama mahali, na mahali hapo ndipo pa kurekebisha.

Siku ya usaili uwe nao kwenye kompyuta yako mwenyewe, unaofanya kazi bila intaneti.

Neno kuhusu akili bandia. Wasaili wanajua kwamba vijana wanaitumia, na wengi wao wanaitumia pia. Kinachowakera ni mtu anayeulizwa "kwa nini mstari huu uko hapa?" akatazama skrini kama anaiona mara ya kwanza. Mstari usioweza kuueleza, ufute au ujifunze.

Mwisho, jizoeze kuusimulia mradi kwa dakika tatu: tatizo ni la nani, umelitatua vipi, wapi palikuwa pagumu, ungebadilisha nini leo. Jirekodi kwa simu, kwa Kifaransa. Ukijisikiliza utaona mara moja mahali unapojikanyaga.

Hatua ya 4: Misingi inayoulizwa kweli

Chagua lugha moja ya kujibia maswali na usibadilishe tena. Uliyoizoea ndiyo bora, iwe PHP, Java, C# au JavaScript. Asiye na chaguo achukue Python, kwa kuwa maandishi yake ni machache.

Katika miundo ya data, uwe na uhakika na orodha, kamusi, seti, rundo (stack) ambapo kinachoingia mwisho kinatoka kwanza, na foleni ambapo wa kwanza kuingia ndiye wa kwanza kutoka. Ujue pia kutafuta kwa nusu kwa nusu kwenye orodha iliyopangwa: katika majina 1,000,000 unahitaji kulinganisha mara 20 hivi tu. Miti na grafu zisome mwisho kabisa. Kwa kazi ya kuanzia hapa mjini haziulizwi mara nyingi.

Upande wa wavuti, jua tofauti ya GET (kuomba data) na POST (kutuma data), na maana ya namba ambazo seva inarudisha: 200 mambo sawa, 401 hujajitambulisha, 403 umejulikana lakini huruhusiwi, 404 hakipo, 500 seva yenyewe imeanguka. Kwenye Git, programu inayotunza historia ya msimbo, ujue kufungua tawi, kuhifadhi hatua, kuunganisha, na unachofanya pale watu wawili wamebadilisha mstari mmoja. Na nywila za watumiaji hazihifadhiwi kama zilivyo, hata kwa programu ya watu watatu.

SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, inahitaji muda zaidi, maana hiyo ndiyo inayowaangusha wengi. Turudi kwenye daftari letu. Jedwali moja la wanafunzi, jingine la malipo. Swali: nipe majina ya wanafunzi ambao hawajalipa chochote. Anayeanza huandika JOIN ya kawaida, na matokeo yanakuwa matupu. Sababu ni kwamba JOIN hiyo inaleta tu walio na mstari pande zote mbili, na asiyelipa hana mstari kwenye malipo. Inatakiwa LEFT JOIN, inayoleta wanafunzi wote, hata wasio na mstari wa malipo:

```
SELECT w.jina
FROM wanafunzi w
LEFT JOIN malipo m ON m.mwanafunzi_id = w.id
WHERE m.id IS NULL;
```

Msaili ataongeza: "Na kama nataka wasiolipa muhula wa 2 tu?" Wengi wanaweka sharti la muhula kwenye WHERE, na orodha inarudi tupu, kwa sababu asiyelipa hana muhula wowote wa kulinganisha. Sharti hilo linakaa kwenye ON:

```
LEFT JOIN malipo m
  ON m.mwanafunzi_id = w.id AND m.muhula = 2
```

Andika maswali kama haya kwa mkono mpaka yakutoke bila kufikiri. Jua pia muamala ni nini: ukihamisha pesa kutoka akaunti moja kwenda nyingine, kutoa na kuweka lazima vifanikiwe vyote au visifanyike kabisa. Mtu yeyote aliyewahi kutuma M-Pesa ikakatwa bila kufika anaelewa umuhimu wake.

Intaneti ikiwa ghali, pakua mara moja usome bila mtandao. DevDocs inahifadhi nyaraka za lugha nyingi kwenye kompyuta yako, na Kiwix inakupa Wikipedia na maktaba nyingine ndani ya simu. MDN, nyaraka za wavuti, ina kurasa nyingi kwa Kifaransa. Mazoezi ya Exercism ni ya bure na yanaweza kufanyiwa kwenye kompyuta yako, kisha ukayatuma siku una mega (data za intaneti).

Hatua ya 5: Kufikiri kwa sauti

Swali: umepewa orodha ya namba za miamala ya siku, tafuta zilizojirudia.

Usikimbilie kuandika. Kwanza rudia swali kwa maneno yako, kisha uliza: orodha inaweza kuwa tupu? Namba ikitokea mara tatu, niionyeshe mara moja au mara zote? Ni miamala mingapi kwa siku? Kwa maswali hayo matatu msaili tayari ameshaandika kitu kizuri kwenye karatasi yake.

Halafu chukua mfano mdogo na uufanye kwa mkono mbele yake: 7, 3, 9, 3. Jibu ni 3.

Sasa sema njia ya kwanza inayokujia, hata kama ni mbovu: "Ninaweza kulinganisha kila namba na zote zinazoifuata." Na ueleze gharama yake bila kusubiri kuulizwa. Kwa miamala 10,000, huko ni kulinganisha mara 49,995,000. Ikizidi maradufu, kazi inaongezeka karibu mara nne. Baada ya hapo toa njia bora: "Nikipita mara moja tu, nikikumbuka nilizokwisha kuziona kwenye seti, nitafanya hatua 10,000."

```
def zilizojirudia(namba):
    zilizoonwa = set()
    matokeo = set()
    for n in namba:
        if n in zilizoonwa:
            matokeo.add(n)
        zilizoonwa.add(n)
    return matokeo
```

Ukimaliza usiseme "nimemaliza" na kuweka kalamu. Pita na kidole juu ya msimbo kwa mfano wako: 7 inaingia, 3 inaingia, 9 inaingia, 3 imeshaonwa, inakwenda kwenye matokeo. Orodha tupu? Kitanzi hakizunguki, tunarudisha seti tupu. Kisha taja bei uliyolipa: njia hii inakula kumbukumbu zaidi. Akikuuliza "na kama miamala haitoshei kwenye kumbukumbu ya kompyuta?", mwambie kazi hiyo ungeiachia hifadhidata, kwa GROUP BY na HAVING COUNT(*) kubwa kuliko 1. Hapo mazungumzo yamegeuka kuwa ya watu wawili wa kazi moja, na ndiko ulikotaka yafike.

Ukikwama, usinyamaze. Sema ulipofika: "Najua nahitaji kukumbuka kitu, bado sijaona nikikumbuke wapi." Msaili mwema atakupa kidokezo; kipokee, sema asante, kitumie. Kijana anayekataa kidokezo kwa kiburi anakosa kazi haraka kuliko asiyejua jibu.

Zoezi jingine la kufanya na mwenzako: kurudisha chenji kwa noti chache iwezekanavyo, ukiwa na noti zetu za franka 20,000, 10,000, 5,000, 1,000, 500, 200, 100 na 50. Kwa 8,700, ukianza na noti kubwa unapata 5,000, tatu za 1,000, 500 na 200, jumla noti 6, na hakuna njia bora. Sasa mwambie mwenzako abadilishe noti ziwe za 1, 3 na 4, na chenji iwe 6. Kuanza na kubwa kunakupa 4, 1 na 1, yaani noti tatu, wakati 3 na 3 zingetosha. Jadilianeni kwa nini. Wasaili wanapenda sana kugeuza swali namna hiyo ili waone kama ulikariri.

Fanyeni kwa zamu, mmoja msaili, mwingine msailiwa, dakika 30, kwa Kifaransa, juu ya karatasi. Saa ya delestaji, umeme unapokatwa kwa mgao, inafaa kabisa kwa zoezi hili: hakuna kompyuta, hakuna simu inayoita, mshumaa na kalamu tu.

Hatua ya 6: Maswali ya maneno

"Jieleze kidogo" si mwaliko wa kusimulia kuanzia shule ya msingi. Dakika moja na nusu: ulichosoma, ulichotengeneza, kwa nini umekuja hapa. Sehemu ya tatu lazima ibadilike kwa kila kampuni. Ukiulizwa udhaifu wako, usiseme "nafanya kazi kupita kiasi". Jibu hilo limechakaa. Taja udhaifu wa kweli ambao hauui kazi, na unachofanya kuurekebisha: kwa mfano, huchelewa kuomba msaada, na siku hizi umejiwekea nusu saa, ukishindwa unauliza.

Watakuuliza pia kuhusu mgogoro na mwenzako kwenye kazi ya kikundi. Usimseme vibaya mwenzako wala profesa wako. Mji huu ni mdogo, na aliye mbele yako anaweza kuwa binamu yake.

Kwa heshima, shika "vous", Monsieur na Madame mpaka mwisho. Mzee wa jopo akianza kukusemesha Kiswahili, mjibu Kiswahili, papa na mama zikae mahali pake. Akirudi kwenye Kifaransa, rudi naye.

Wakikuuliza kama una swali, uwe nalo. Ninayoyapenda ni haya: nani atakuwa anasoma msimbo wangu kabla haujaingia kazini? Mna mahali pa kujaribia kabla ya kuwapelekea wateja? Wiki yangu ya kwanza itakuwaje? Majibu yatakuonyesha kama unakwenda kufundishwa au kutupwa.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Kama ni ofisini, pita hapo siku moja kabla ujue mlango uko wapi. Nguo safi zilizopigwa pasi, viatu visivyo na vumbi jekundu. Kitambaa kwenye mfuko kitakusaidia. Nakala mbili za sivi, kalamu mbili, kompyuta iliyojaa chaji.

Kama ni simu ya video, fikiri kwanza umeme. Chaji kila kitu usiku uliotangulia, na usitegemee SNEL, shirika la umeme, hata kama mtaa wenu haujakatiwa wiki nzima. Uwe na laini za mitandao miwili, zote zikiwa na mega. Saa moja ya video inaweza kula gigabaiti nzima. Jaribu kiungo mapema, kwa sababu programu ya video ikianza kujisasisha dakika mbili kabla, utalia. Kuanzia Novemba hadi Machi, mvua ya alasiri juu ya mabati inafunika sauti yote, hivyo tafuta chumba chenye dari au vaa vipokea sauti vyenye maikrofoni. Na mweke msaili tayari mapema: mwambie mtandao ukikatika utarudi ndani ya dakika mbili kwa laini nyingine, mpe na namba yako ya simu. Ukikatika kweli, rudi ulipoachia, bila kuomba msamaha dakika tano.

Kula kabla. Bukari (ugali) zito hapana, litakulaza.

Hatua ya 8: Pesa na karatasi

Ukiulizwa unataka mshahara gani, usijibu "chochote mtakachonipa". Waulize kwanza waliokutangulia kwenye kazi kama hiyo mjini, upate kiwango cha chini na cha juu, useme kiwango hicho. Halafu uliza mambo ambayo kwetu yanageuza maana ya namba yenyewe: ni kabla ya makato au mkononi? Kodi ya mshahara na mchango wa CNSS (hifadhi ya jamii) nani anavitoa? Unalipwa dola au franka, na kama ni franka, kwa kima cha siku gani?

Mkataba uusome nyumbani. Kwa mujibu wa Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, muda wa majaribio lazima uandikwe, na kwa mfanyakazi mwenye taaluma hauzidi miezi 6. Anayekuambia "anza tu kesho, karatasi zitakuja" mwulize kwa upole zitakuja tarehe ngapi, na umwandikie ujumbe unaorudia jibu lake.

Jioni ya usaili, kabla hujalala, andika maswali yote uliyoulizwa na majibu ambayo ungetaka kuyatoa. Mengi yatarudi kwenye kampuni inayofuata, karibu neno kwa neno. Kesho yake tuma barua pepe fupi ya shukrani. Wiki moja ya kazi ikipita bila jibu, uliza mara moja tu. Ukikataliwa, mwombe aliyekusaili akwambie kitu kimoja cha kurekebisha. Baadhi yao hujibu, na wachache hukupigia tena miezi mitatu baadaye nafasi nyingine inapofunguka, kwa hiyo usibadilishe namba ya simu.